Neno Lisilotaka Kunyooka

Kiwandani walimwita Rula, naye alishachoka kukasirika. Mtu anayeingia ofisi ya mwenzake, akaona kalenda imeinama ukutani, akavuta kiti apande kuinyoosha kabla hata hajasalimia, jina hilo amejitafutia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupanga nota za muziki kwa kompyuta. Watunzi walimletea karatasi zilizofutwafutwa na kumwagiwa chai, naye akazirudisha safi, kila nota na kila neno mahali pake, tayari kwa mashine. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kiwanda cha chapa, kati ya stoo ya karatasi na choo. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, printa yenye kikohozi, na feni iliyozunguka pale ilipojisikia.

Juma lile alikuwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa ya baba yake.

Baba yake, ambaye watu wote walimwita Mwalimu kwa kuwa aliwafundisha nusu yao kuimba, alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Aliacha nyimbo kumi na nne za kwaya, zote kwa penseli. Sasa kwaya ilitaka kitabu. Kilitakiwa kiingie mashineni Ijumaa ili Jumapili kiimbiwe kwenye kumbukumbu yake, na wimbo wa tisa ungeongozwa na mama yake Rula, kwa sauti yake peke yake. Mama huyo alikuwa hajasimama kuimba mbele ya watu kwa miaka sita, na sababu ya miaka hiyo sita ilikuwa wimbo huohuo wa tisa.

Siku hiyo, miaka sita nyuma, kwaya ilikuwa inatimiza miaka thelathini. Rula aliuchukua wimbo huo, uliokuwa bado mpya kwa waimbaji, kwa siri kwenye jalada la baba yake, akaupanga kwa kompyuta, akautoa kwenye karatasi nzito nzuri, nakala za kutosha kwaya nzima, na kumkabidhi mzee mbele ya wageni, zawadi. Mwalimu aliitazama karatasi, akatabasamu, akawagawia waimbaji palepale, maana wageni walikuwa wanapiga makofi. Waliimba. Katikati ya wimbo, pale sauti ya mama inapopanda juu kabisa, ilikatika. Alisimama mdomo wazi, mkono ubavuni, na kwaya ikaendelea bila yeye kwa mwendo wa mazishi. Watu walisema ni uzee. Mwalimu aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akamwambia binti yake, "Umeipanga vizuri sana, mwanangu." Tangu siku hiyo hakumpa hata mstari mmoja wa kupanga.

Hilo lilimuuma Rula kuliko matusi. Aliona baba yake ni mtu wa zamani anayeionea wivu mashine. Aliacha kwaya mwezi uleule, na siku moja, kwa hasira, akamwambia mzee kwamba iko siku atamwomba. Mwalimu akafa hajaomba. Maji yakimwagika hayazoleki, na Rula alibaki nayo miguuni, akitaka angalau kitabu hiki kiwe safi kiasi kwamba hata marehemu angekiri.

Basi Jumatatu akaanza. Wimbo wa tisa hakuupanga upya, maana faili la miaka sita nyuma lilikuwepo, na alilipenda. Nota, kwa asiyezijua, hugawanywa kwa vistari vya wima, na nafasi iliyo kati ya vistari viwili Mwalimu alizoea kuiita chumba. Kuna maneno yanayokaa juu ya vyumba hivyo, maneno ya mwendo, yanayowaambia waimbaji wakimbie au watembee. Kila neno la mwendo lina kiti chake. Hukaa juu ya mistari, herufi yake ya kwanza ikilingana sawasawa na mwanzo wa chumba, lisiguse nota, lisipande kuliko wenzake ukurasani. Kwenye karatasi ya penseli, neno *Taratibu* la chumba cha ishirini na mbili lilikuwa limejibanza upande wa kulia, juu ya pigo la tatu, yaani hesabu ya tatu ya chumba, limeinama, mkia wake karibu uguse nota iliyo juu. Rula alikuwa amelivuta hadi mwanzoni mwa chumba miaka sita nyuma, kama mtu anayemketisha mgeni mlevi. Jumatatu alihakikisha limekaa, akafunga faili, akaenda kula.

Aliporudi, *Taratibu* lilikuwa juu ya pigo la tatu.

Alicheka. Alijiambia kidole kilimponyoka kwenye kipanya. Akalirudisha, akahifadhi, akaendelea na nyimbo nyingine hadi jioni. Jumanne asubuhi alipofungua faili, neno lilikuwa tena palepale juu ya pigo la tatu, limeinama. Hapo hakucheka. Kompyuta ile haina uwezo wa kuinamisha neno kwa namna hiyo mtu asipoiamuru, na hakuna mtu mwingine kiwandani aliyejua hata kuifungua programu yake.

Aliwauliza hata hivyo. Mpiga chapa, mwanamume mnene waliyemwita Wino kwa sababu ya kucha zake, aliapa kwamba yeye na kompyuta hawasalimiani. Fundi wa kompyuta alikuja, akakaa, akanywa maji yake, akasema neno kama hilo hufungwa kwenye nota, na labda lilifungwa kwenye nota isiyo yake. Akalifungua, akalifunga upya mwanzoni mwa chumba, akalitia kufuli. Alipoondoka alimwambia Rula alale vizuri, kwa sauti ile ambayo watu huitumia kwa wafiwa.

Mchana huo ndipo alipoanza kusikia kugongwa. Tap, tap, tap, halafu kimya. Ilitoka upande wa stoo ya karatasi. Kila aliyewahi kuimba chini ya Mwalimu aliijua sauti ile, kwani mzee hakuwa na subira na kifaa cha kuhesabia mapigo. Alisema kifaa kile hakina mapafu, kitajuaje wimbo. Alihesabu kwa mgongo wa penseli mezani, tatu, akanyamaza, tatu tena. Rula alifungua mlango wa stoo. Marundo ya karatasi yalikaa kimya mpaka darini, na jua lilikuwa limelala sakafuni. Hapakuwa na mtu. Alirudi kwenye kiti, na kabla hajaketi akaona *Taratibu* limesogea, kufuli likiwa bado mahali pake.

Nitasema alivyohisi, maana mwenyewe hakujificha: aliogopa, tena aliogopa kitoto, na juu ya woga alikasirika. Alihisi kwamba hata kaburini mzee hajakubali. Akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Baba, niache nifanye kazi." Feni ilikuwa inazunguka, ikasimama.

Nyumbani hakusema kitu. Mama yake alikuwa uani anaanika nguo, kama alivyokuwa akifanya kila jioni ya juma lile, hata nguo zilipokuwa zimekwisha. Rula alimwona kupitia dirisha la jikoni. Mama alikuwa anapita kando ya kamba huku anagusa vibanio kimojakimoja, midomo yake ikicheza, mkono mmoja ubavuni. Akifika kibanio cha saba husimama, hutikisa kichwa, hurudi mwanzo. Rula alidhani ni sala, na sala ya mtu haikatizwi. Akaendelea kumenya vitunguu.

Jumatano aliamua kujikaza. Alilivuta neno, akaliweka mwanzoni mwa chumba, akakaa analikodolea macho bila kupepesa. Halikusogea. Akiwa bado analitazama, limenyooka, akabonyeza printa itoe ukurasa. Printa ikakohoa, ikatoa. Kwenye kioo cha kompyuta neno lilikuwa mwanzoni mwa chumba. Kwenye karatasi ya moto mkononi mwake lilikuwa juu ya pigo la tatu.

Akatoa wa pili. Pigo la tatu. Akatoa kumi. Alipoinua macho, penseli ya baba yake, kile kipande cha mwisho alichokihifadhi kwenye kikombe pembeni ya dirisha, kilikuwa kimelala mbele yake, ncha ikielekea kwenye jalada la karatasi za mkono.

Wino alimkuta amekaa na kurasa kumi mapajani. Alizipokea, akazitazama, akauliza shida iko wapi. Rula akamwonyesha. Wino akasema kwa unyenyekevu wa mtu asiyejua muziki kwamba yeye aliona neno moja tu limekaa mbali kidogo, na kama mzee aliliweka hapo, si liachwe tu hapo? Rula alimjibu kwamba baba yake alikuwa mtunzi, hakuwa mpangaji. Hakujua sheria.

"Mwalimu?" Wino akasema. "Yule aliyekuwa ananirudishia kadi za mwaliko kwa sababu nukta imekaa vibaya?"

Maneno yale yalimkaa Rula usiku kucha kama mwiba wa samaki. Alhamisi asubuhi hakuwasha kompyuta. Alitandaza nyimbo zote kumi na nne sakafuni, kwa karatasi za penseli zenyewe, akapiga magoti. Alitaka kuthibitisha kwamba baba yake hakujua sheria, ili alinyooshe neno lile kwa moyo mweupe na akabishane na mzimu akiwa na ushahidi.

Mwalimu aliandika tarehe kwenye kila wimbo, chini kulia, kwa tarakimu ndogo. Rula akazipanga kwa umri. Wimbo wa kwanza: maneno yote ya mwendo yamekaa mwanzoni mwa chumba, yamelingana kama meno. Wa pili vilevile. Wa tatu, wa nne, wa tano, ungesema Rula mwenyewe ndiye aliyeyapanga. Mzee alizijua sheria, tena alizifuata miaka mingi kabla binti yake hajashika kalamu.

Wimbo wa sita neno lilikuwa limesogea. Wa saba pia, wa nane, wa tisa, mpaka wa kumi na tatu, kila *Taratibu* lilikuwa limechelewa: pigo la pili, pigo la tatu, mara moja mwisho kabisa wa chumba. Akatazama chini ya kila neno. Kila lilipokaa, katika mstari wa sauti ya kwanza, sauti ya mama yake, kabla ya neno kidogo tu, palikuwa na pumziko dogo, nusu ya pigo, nafasi ya mtu kuvuta hewa. Akarudi kwenye tarehe. Kati ya wimbo wa tano na wa sita palikuwa na mwaka mmoja mtupu. Ulikuwa mwaka aliozaliwa yeye.

Alienda nyumbani kwa miguu, saa tano asubuhi, jua kichwani. Mama yake alikuwa sebuleni anapiga pasi gauni la Jumapili. Rula hakusalimia. Alimuuliza ni nini kilichotokea mwaka ule.

Mama aliisimamisha pasi kwanza. Hakuwa mwanamke wa kuunguza gauni kwa sababu ya maswali.

"Ulikuwa na miezi miwili," akasema. "Mwili ulikuwa haujapona uzazi, nikaugua mapafu. Nikapona, lakini moja likabaki jina tu."

Akaeleza mengine akiwa amekaa, taratibu, na sasa Rula alisikia kile ambacho maisha yake yote alidhani ni namna ya mama yake ya kuongea: vituo vifupi kati ya maneno. Hakutaka kwaya ijue, maana wangempa kiti na huruma, naye alitaka kuimba. Basi mumewe akawa anamsikiliza jikoni, akigonga penseli mezani, mpaka ajue pumzi yake inaishia wapi. Kisha akatunga wimbo ukazunguka hapo. Kwaya nzima ilikimbia mpaka mama apate hewa, ndipo ikaruhusiwa kwenda polepole. Watu walisema ni mtindo wa Mwalimu. Mwendo ukipungua mapema, hata kwa mapigo mawili, ile sauti ya juu inakuwa ndefu kuliko pafu lake.

Rula alihesabu kichwani bila kutaka. Mwanzo wa chumba cha ishirini na mbili, pigo la tatu. Mapigo mawili.

"Siku ile," akasema. "Ni karatasi yangu."

Mama alilivuta gauni mezani, akalikunjua mapajani.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, mwanangu? Mbele za wageni, na zawadi yako mkononi, kwamba imenikaba?" Akavuta pumzi. "Baba yako alisema mtoto akijua aliletwa kwa bei hiyo, naye atapumua kwa woga. Tukaapa. Alikuwa anaumia akikuona umenuna, lakini kiapo ni kiapo."

Rula akauliza, na hapa sauti yake haikuwa ya mtu mzima, kama mama angekaa kimya mpaka Jumapili, akasimama mbele ya watu na kitabu kile, akakatika tena. Mama akatazama dirishani, uani, kwenye kamba ya nguo. Akasema alikuwa anafanya mazoezi. Amefika kibanio cha saba, na alihitaji tisa.

Kuna kilio cha kutoa machozi na kuna cha kuinama tu. Rula aliinama, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, juu ya gauni lililokwisha kupigwa pasi, na mama akamwachia alikunje.

Alasiri alirudi kiwandani. Chumba kilikuwa kimya, feni imelala. Alifungua faili moja baada ya jingine, kuanzia wimbo wa sita, na kila neno alilolinyoosha kwa mikono yake alilitoa mwanzoni mwa chumba na kulipeleka lilipokuwa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kunyoosha. Programu ilipigana naye, ilitaka kulirudisha neno kwenye kiti chake, na vidole vyake vyenyewe vilikuwa upande wa programu. Alipofika wimbo wa tisa hakugusa kitu. Neno lilikuwa limekwisha kufika. Akatoa ukurasa, akautazama, *Taratibu* limeinama juu ya pigo la tatu, mkia karibu uguse nota. Ulikuwa ukurasa mbaya kuliko wote aliowahi kuutoa, naye akauweka juu ya wenzake.

Tap, tap, tap, kutoka stoo.

"Nimekusikia, Baba," akasema. "Nimeshaweka."

Tap, tap, tap. Haikunyamaza. Penseli ilikuwa bado mezani, lakini ncha yake haikuelekea tena kwenye jalada. Ilielekea sakafuni, kwenye zile karatasi alizotandaza asubuhi, kwenye ile ya mwisho kabisa.

Wimbo wa kumi na nne alikuwa ameupanga Jumatatu kwa robo saa tu, kwa sababu haukuwa na kitu cha kurekebisha. Kilichonyooka hakitazamwi mara mbili. Sasa akauokota, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Tarehe ilikuwa ya mwaka jana, miaka mitano baada ya ile zawadi. Wimbo huu haukumpa mama uongozi. Sauti ya peke yake ilikuwa ya pili, na Rula alikuwa amedhani mzee alikata tamaa, akampa yeyote. Mwalimu mpya wa kwaya alipomuuliza Rula nani aimbe, Rula mwenyewe alijibu watafute mtu.

Sauti ya pili ilikuwa ya Rula, tangu ana miaka kumi na miwili mpaka siku aliponuna na kuondoka.

*Taratibu* la wimbo huo lilikaa mwanzoni kabisa mwa chumba. Herufi ya kwanza ililingana na kistari cha wima hata unywele usingepita. Rula akainamisha karatasi, na mwanga ulipopita kwa upande akaona mstari mwembamba uliofutwa, ukipita chini ya neno lote. Mzee aliyeandika kwa mkono mtupu maisha yake yote alikuwa ametafuta rula, akapiga mstari, akaliandika neno juu yake kama binti yake anavyopenda, halafu akaufuta mstari ili asionekane amejisumbua. Baada yake ilifuata sauti ndefu, vyumba vinne vizima, polepole, bila pumziko hata moja. Hakuwa amemwekea mahali pa kuvuta hewa. Alijua mapafu yake ni mazima.

Alikaa na karatasi ile mpaka Wino akaja kuuliza kama kitabu kiko tayari. Akasema kiko tayari. Kisha akaenda kumpigia simu mwalimu wa kwaya, akamwambia yule mtu wa sauti ya pili amepatikana.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mama alisimama katika gauni lenye mkunjo mmoja pajani ambao pasi haikuutoa. Wimbo wa tisa ulikimbia, ukapanda, na katika chumba cha ishirini na mbili kwaya haikupunguza, haikupunguza, mpaka pigo la tatu. Mama akavuta hewa. Ndipo wote wakatembea naye, na sauti yake ikashuka mpaka chini bila kukatika. Watu wengine walilia. Rula alikuwa anahesabu tu.

Wimbo wa kumi na nne ulipofika, alipiga hatua moja mbele, hatua ya kwanza kwa miaka sita. Nyuma yake, kwenye safu ya mwisho ambayo hakuna mtu aliyekaa, alisikia tap, tap, tap, halafu kimya. Akaanza. Neno lilipofika akapunguza mwendo, palepale lilipoandikwa, na sauti ndefu ikaanza. Chumba cha kwanza, cha pili. Alingoja kusikia penseli ikimsahihisha, haikugonga. Cha tatu, cha nne. Pumzi ilimtosha, ikabaki.